Kidole Changu cha Enter

Admin, nifiche jina na mtaa, maana hapa Garissa tunajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mnene kiasi, miwani imefungwa kwa uzi, na kazi yangu ni kutafsiri. Mimi na mume wangu tunageuza matangazo ya Kiswahili yawe Kisomali: chanjo za mbuzi, dawa za watoto, mambo ya maji safi. Ofisi yetu ni chumba cha mbele cha nyumba.

Tulianza na kompyuta moja. Kwenye ile programu ya kutafsiri, sentensi ikikamilika unabonyeza Control na Enter kwa pamoja, inakubaliwa, unaruka kwenye inayofuata. Yeye alikaa kushoto akishika Control, mimi kulia, kidole changu kwenye Enter. Mtu mmoja angeweza kubonyeza zote mbili, lakini tulijiwekea sheria: sentensi haipiti mpaka wote wawili turidhike. Nisiporidhika, niliweka mkono mapajani nikanyamaza.

"Mama watoto, chai inapoa, bonyeza."

Mimi kimya. Basi angesoma tena, acheke, arekebishe. Wengine huandikiana mashairi. Sisi mapenzi yetu yalikuwa pale kwenye kibodi, msinicheke.

Mwaka jana akaoa mke wa pili, binti kutoka Griftu aliyesomea kompyuta. Dini imemruhusu, sina kesi. Nililia bafuni, nikatoka nikawapikia wageni pilau, na wakasifu. Kilichonimaliza ni siku aliponiambia, "Macho yako yamechoka, pumzika sasa. Mfundishe mwenzako vitufe, akae pale kwako."

Nikamfundisha. Control na mshale, unaruka neno zima badala ya kutambaa herufi kwa herufi kama mimi nikipanda ngazi. Control na kitufe cha kufutia, neno lote linaondoka. Control na Z, ulichoharibu kinarudi. Hiki cha mwisho nilikibonyeza zaidi ya ilivyohitajika.

Binti ana adabu, siwezi kumnyima hilo. "Abaayo," akaniuliza, maana huniita dada, "na ya kukubali sentensi?"

Nikamwambia atumie mausi.

Siku chache baadaye nikaingia na chai. Mume wangu ameshika Control, na kidole cha yule binti, chenye hina, kiko kwenye Enter. "Weka hapo," akaniambia bila kugeuka. Niliweka. Nusu ilimwagika kwenye sinia, nikasingizia uzee.

Juzi binti akanifuata jikoni. Nilikuwa napiga unga wa anjera, ile mikate yetu ya maji.

"Abaayo, hanisubiri."

"Nani?"

"Mzee. Nikimwambia sentensi ina kosa, ananishika kidole anabonyeza. Sasa imepita moja inayosema dawa ya kupe mbuzi anyweshwe, na ile ni ya kuogesha. Wewe ulimfanyaje akawa anakusubiri?"

Nikaendelea kupiga unga. Nilipiga mpaka ukawa mwepesi kuliko inavyotakiwa, na anjera ya siku hiyo hata paka aliinusa akaondoka.

Karatasi zilikuwa bado hazijachapishwa. Mzee alipokwenda msikitini, nilifungua kompyuta nikairekebisha ile sentensi, kisha nikabonyeza Control kwa mkono wangu wa kushoto na Enter kwa wa kulia. Miaka yote hiyo sikuwahi kubonyeza zote mbili peke yangu. Ni rahisi sana, ndugu zangu. Nilikaa pale nikilia kwa jinsi ilivyo rahisi.

Sasa binti bado anangoja jibu, na siwezi kila siku kuvizia swala ili niokoe mbuzi wa watu wa Hulugho. Siri yenyewe ni ndogo: weka mkono mapajani, nyamaza. Ninachoogopa si kwamba itashindwa. Naogopa ataweka mkono mapajani, na mume wangu atamsubiri na yeye.

Mlio na busara, na hata ninyi mlioolewa mkiwa wa pili, nishaurini. Nimwambie, au ninyamaze?