Magugu Tuliyoyachagua Wenyewe

Juzi, ofisini kwa bwana shamba hapa Ifakara, mama mmoja aliweka mashina mawili mezani. Hakutaka kukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mpunga ni upi hapo?"

Bwana shamba, kijana bado, aliyageuza, akayachunguza. "Huu. Mwingine ni mpunga mwitu. Ukiiva unapukutika wote chini."

"Huo mwitu umekula nusu ya shamba langu, na kila mwaka napalilia!"

"Ndiyo sababu, mama. Magugu yasiyofanana na mpunga unayang'oa. Yanayofanana unayapita, nayo yanazaa. Kila mwaka yanabaki yanayofanana zaidi."

"Kwa hiyo nimeyachagua mimi?"

"Bila kujua."

"Na wanangu wale nini?"

"Usimwage mbegu tena, panda kwa mistari. Kinachoota nje ya mstari king'oe, hata kikiwa mpunga."

"Ning'oe mpunga wangu! Hayo ndiyo mliyosomeshwa?" Alifunga khanga upya, akafika mlangoni, akarudi kuchukua mashina yake.

Mimi nilikuwa kwenye benchi na mtoto mgongoni. Jana nilikwenda kupalilia shamba letu. Nilishika shina moja, nikaliachia, nikalishika tena. Mwishowe nililing'oa. Mpaka sasa sijui nimeng'oa nini.