Chaki Nyekundu

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutembeza wageni. Mama mmoja mwenye kampuni ndogo aliwapeleka watalii mahali palipohusiana na majasusi: hoteli ya kizamani mjini, stesheni ya reli, vichochoro vilivyotajwa katika riwaya walizozisoma ujanani. Aliniambia, "Ya mjini kila mtu anayo. Wewe umezaliwa Eastlands na umesomea historia. Nitengenezee matembezi ya huko. Jumamosi utatuongoza, na ukifaulu umeajiriwa."

Nilikuwa na miaka mitatu bila kazi tangu nihitimu. Mama yangu, ninayeishi naye chumba kimoja Kware, aliwatangazia wanawake wenzake wa kanisa kabla sijamaliza kumweleza.

Nilichagua mtaa wa nyumba za zamani za baraza la jiji. Wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, miaka ya hamsini, wanaume wa hapo walipangwa uwanjani, na mbele yao akasimamishwa mtu aliyevishwa gunia, matundu mawili tu ya macho. Aliyeitikiwa kwa kichwa na huyo alipandishwa lori. Shosho mmoja, bibi kizee anayeishi hapo tangu utotoni, alimwona babake akichukuliwa hivyo.

"Uso hatukuona," aliniambia. "Lakini viatu nilivijua. Vilikuwa vya jirani, mwenye alikuwa anatupea sukari."

Alikubali kuwasimulia wageni, mlangoni pake. Ziara yote ilimtegemea yeye.

Shida ni kwamba nyumba zile zinafanana, na mimi niliogopa kupotea mbele ya watu. Nilikwenda mara tatu kuhesabu hatua. Nikaandika namba za milango daftarini. Bado sikujiamini. Alhamisi nikarudi na chaki, nikachora mshale mdogo kila kona na duara ukutani kwa shosho. Nilifikiria mvua. Nilifikiria watoto watakaozifuta alama. Nilifikiria kwamba chaki nyeupe haitaonekana vizuri, nikanunua nyekundu. Sikufikiria jambo ambalo mtu yeyote wa Eastlands analijua: alama nyekundu ukutani ni ya nyumba itakayobomolewa. Nimekulia huku. Nimeona watu wakibeba vitanda kichwani kwa sababu ya alama kama hiyo.

Jumamosi sikuuona mshale hata mmoja. Kila kona palikuwa na doa safi, pameoshwa kwa sabuni. Nilizunguka na yule mama na wageni wanne hadi tukapita bomba lilelile mara mbili. Fundi wa kuchomelea mageti akavua miwani yake.

"Niaje, mkubwa. Leo umeleta wenye kununua?"

"Hapana, boss. Hii ni ziara ya historia."

"Historia gani inachorwa kwa ukuta ya watu?"

Mwanamke aliyekuwa akifua bombani akacheka. "Ati historia. Ni sisi tutakuwa historia."

Nikaanza kueleza. Nilieleza mishale, hatua, mvua, rangi ya chaki. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mwongo, na ili nimalize nikatoa daftari nimwonyeshe fundi. Akalifungua.

"Hadi namba za nyumba umeandika," akasema, bila hasira. Akageukia dirisha lililokuwa nyuma yangu. "Shosh, ni huyu?"

Sikuwa nimejua kwamba tumefika kwake. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Aliniangalia usoni, kisha akaangalia viatu vyangu, ambavyo nilikuwa nimeving'arisha asubuhi hiyo. Akaitikia kwa kichwa. Pazia likafungwa.

Hakuna aliyetugusa. Walitufuata tu hadi barabarani. Mgeni mmoja mzee alimuuliza yule mama kama haya yote yalikuwa yamepangwa, maana yamemsisimua kuliko hoteli. Yule mama akanigeukia. Akaniambia, "Nitakupigia."

Hakupiga. Mama yangu aliuliza Jumapili mbili, kisha akaacha. Siku hizi huenda ibada ya kwanza, ambayo wale wenzake hawahudhurii.

Nilikusudia kurudi kwa shosho. Niliandika kwenye karatasi nitakayomwambia, nikaichana, nikaandika nyingine. Zote zilianza na "Sikutumwa na mtu," na aliyetumwa angeanza vivyo hivyo.

Mwezi uliopita jirani yetu, ambaye dadake anaishi mtaa ule, alipita kwetu kuazima jembe la kuzibua mtaro. Akasema nyumba zote zimepigwa alama ya X kwa rangi ya mafuta na watu wamepewa notisi. Dadake anatafuta chumba Njiru. Nilimuuliza kama wanajua ni nani aliyewaletea hayo.

"Wanamjua," akasema. "Kuna kijana alikuja kwanza na chaki."

Nikamtafutia jembe.