Karavani ya Kwenda Yiti Siku ya Kupatwa Jua

Sogeeni, nyie mlioshika vikombe vya kahawa, na anayetaka kucheka amalize kumeza kwanza, asije akapaliwa hapa mkasema nimemuua miye.

Miaka ile ya tisini tunakaa mtaa wa Ghubra, nyumba ya vyumba vitatu, watu wake wasihesabike. Mama mkwe, mawifi wanne, na shangazi alokuja kutoka Unguja kwa wiki mbili, huu mwaka wa sita. Ukitaka kupiga chafya unangoja zamu!

Siku moja mume wangu karudi na karavani, ile gari yenye kitanda na jiko ndani, kaikodi kwa Mzungu.

"Wiki ijayo jua litapatwa," kaniambia. "Nnakwenda Yiti, kule ufukweni, kulitazama. Usimwambie mtu."

Nikamtazama. Mtu huyu hata mwezi wa Idi hautafuti, anangoja kuambiwa!

"Unakwenda na nani?"

"Utajua siku yenyewe." Macho chini.

Ikanichoma hapa. Alipokwenda kazini nikachungulia dirishani mwa karavani. Lahaula! Shuka mpya za rangi ya waridi. Mito miwili. Chetezo, na udi ule wa ghali, ukifukiza Ghubra watu wa Hail, mtaa mwengine kabisa, wanauliza harusi ya nani. Na halwa, bakuli zima. Moyo ukaruka ukagonga dari.

Halafu nikaifikiri siku aloichagua. Kwetu jua likipatwa, wanawake wote tunajifungia ndani, mapazia chini, tunaswali na kuomba mpaka litoke. Maana yake nini? Maana yake hakuna wa kumfuata! Huyu anaoa mke wa pili, na bibi harusi yuko Yiti kakaa ananisubiria mume.

Wiki nzima sikula. Nnasema sikula, labda sambusa kumi. Mwisho nikamwambia mama mkwe.

"Mwanangu aoe bila ya mie kujua?" kasema. "Thubutu yake!"

Siku ikafika. Mume wangu kaingia ndani kuchukua gudulia la maji. Karudi, kafungua karavani, kakuta wanawake kumi na moja, sisi wa nyumbani na majirani, wengine juu ya jiko, na sufuria la biriani na misahafu. Mama mkwe kajikalia kitandani, mkongojo mkononi.

"Endesha," kamwambia. "Tupeleke kwa huyo bibi harusi wako."

"Bibi harusi gani, mama?"

Miye machozi tiriri. "Huyo wa mito miwili!"

Gudulia likamponyoka. Mtu hajapata kupaza sauti mbele ya mamake tangu azaliwe, siku ile Ghubra nzima ilimsikia:

"Mito ya mimi na wewe! Miaka saba natafuta pa kukaa na mke wangu wawili tu, nimengoja mpaka jua lipatwe, siku pekee hamtoki ndani, na bado mmekuja!"