Gitaa la Mkono wa Kushoto

Kamba yangu ya kuanikia nguo, hapa Tororo ninapoishi siku hizi, ni waya. Mvua ikianza ghafla nikakimbilia kuanua, vidole vyangu hubaki na harufu ya chuma kilicholowa, harufu ile ile vidole vya baba yangu vilivyokuwa nayo nilipokuwa mtoto. Nikiisikia husimama kidogo uani, nguo zikiwa begani, mvua ikininyeshea. Jirani yangu ameshanizoea, haniulizi tena.

Baba alikuwa mpiga gitaa. Usifikirie mtu wa jina kubwa. Alikuwa katika bendi ya kwetu Iyolwa, iliyoalikwa harusini na kwenye sherehe za kumaliza matanga, mara nyingine mpaka ng'ambo, upande wa Kenya. Gitaa lenyewe lilikuwa mali ya kiongozi wa bendi, mzee mmoja aliyeitwa Obbo. Baba aliondoka siku za Ijumaa akiwa amenyoa ndevu, akarudi Jumapili mchana akinuka jasho na moshi, na Mama akampokea kwa uso wa mtu aliyemeza kitu kichungu. Mama hakulipenda gitaa. Alisema ni mke mwenza asiyejua kulima.

Siku za kazi Baba alisaga mahindi katika mashine ya kusaga iliyokuwa karibu na kituo cha biashara. Huko ndiko mkanda wa mashine ulikouchukua mkono wake wa kushoto. Madaktari waliuokoa mkono, lakini ulibaki na kidole gumba na kile cha shahada tu, viwili vikitazamana kama koleo. Nilikuwa na umri wa kupoteza meno ya mbele. Nakumbuka nikijiambia kwamba si kitu, amebakiza mkono mzima wa kulia, atakula na atalima. Sikujua kuwa mpiga gitaa hubonyeza nyuzi kwa mkono wa kushoto, na kwamba nyimbo zote alizokuwa nazo zilikaa kwenye vile vidole vilivyoondoka.

Aliporudi kutoka hospitalini alijaribu kuligeuza gitaa la bendi, alishike kinyume. Nyuzi nene zikawa chini na nyembamba juu, vifungo vya sauti vikamchoma kwapani. Alijaribu asubuhi nzima. Kisha Mzee Obbo akaja kwa upole akalichukua, kwa sababu bendi ilikuwa na harusi Molo na kijana mwingine alikuwa ameshapatikana.

Baada ya hapo nyumba yetu ikanyamaza. Baba alihamisha kiti chake nyuma ya ghala, upande usiotazama njia, akakaa huko tangu asubuhi. Watu wakija kumsalimu alijibu kwa adabu, kisha hakuongeza neno. Hata sisi watoto tuliacha kucheza karibu na ghala, ingawa hakuna aliyetukataza.

Basi siku moja mama mmoja aliyekuwa akipeleka mihogo mikavu Busia alimsimulia Mama, kama kichekesho, kwamba kuna mfanyabiashara wa vitu vya mtumba ng'ambo ambaye ana gitaa lililotengenezwa kinyume, na ameshindwa kumpata mtu wa kulinunua. Mama hakucheka. Aliuliza tu duka liko upande gani wa barabara.

Tulikwenda mimi na yeye, tumekaa juu ya magunia katika lori la mihogo, vumbi jeupe likitupaka usoni kama unga. Baba aliambiwa tunakwenda kutafuta viatu vyangu vya shule. Pale mpakani Mama alipanda baiskeli ya bodaboda, mimi nikapakatwa mbele, tukavuka katikati ya malori yaliyopanga foleni.

Mwenye duka aliitwa Wafula. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ndogo, na duka lake lilijaa friji zisizo na milango, viti vya ofisini, makabati ya nguo yenye vioo virefu. Gitaa lilikuwa limening'inizwa nyuma kabisa. Lilikuwa jekundu la nyanya iliyoiva sana, likififia kuwa jeusi pembeni. Mwili wake haukuwa ubao mtupu kama wa lile la Mzee Obbo. Katikati palikuwa na mti mzima, lakini pande zote mbili zilikuwa na uwazi ndani, na juu yake matundu mawili yaliyojipinda kama mikia ya paka. Kifungo kimoja kilikuwa kimepotea na mtu alikibadilisha kwa kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi.

Kiswahili cha Mama kilikuwa cha sokoni. "Hii gitaa nasikia iko na matatizo," alisema.

"Mama, sitakudanganya," Wafula akasema. "Hii kitu haina shida. Shida ni watu. Ilitengenezewa mtu wa mashoto. Kila fundi akiishika anairudisha. Kwani mzee wako ni mashoto?"

"Sasa ndiyo anakuwa," Mama akajibu.

Wafula alimtazama, akaacha kuuliza. Alilishusha, akapita kidole juu ya nyuzi. Hapakuwa na umeme wala spika, lakini sauti ilitoka, ndogo na ya kina, kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Mama akauliza kama kila siku linaweza kuzungumza hivyo bila umeme. Wafula akamwambia ndiyo, kwa sababu lina tumbo, lile lisilo na tumbo ndilo bubu. Kwetu Iyolwa hatukuwa na umeme. Nilimwona Mama akiitikia kwa kichwa polepole, kama anayepokea habari muhimu.

Kisha alifanya jambo ambalo halijanitoka akilini. Alinivisha mkanda wa gitaa shingoni, akanishikisha shingo ya gitaa kwa mkono wa kulia, akanisimamisha mbele ya kabati moja lenye kioo. Gitaa lilinifika magotini. Lakini mle kiooni kila kitu kiligeuka, na nikaonekana ninalishika vile Baba alivyokuwa akilishika zamani, siku za Ijumaa, kabla ya mkanda wa mashine. Mama alisimama nyuma yangu akitazama kile kioo, si mimi. Alitazama mpaka mabega yakaanza kuniuma.

"Mama, nakaa kama Baba?" nikamuuliza.

Alinivua gitaa. Alifungua kitambaa alichojifunga kiunoni akalipa, na hakubishana bei, yeye ambaye kwa kawaida angebishana na mwuza chumvi mpaka aombwe aondoke. Viatu vya shule sikupata.

Tulimkuta Baba kwenye kiti chake nyuma ya ghala. Mama aliliweka gitaa kwenye mkeka mbele yake, akasema, "Limetengenezwa kwa mtu wa kushoto," kisha akaenda jikoni. Baba hakuligusa. Jua lilipolifikia alinyoosha mguu akalisogeza kivulini, basi. Niliumia sana. Nilidhani atafurahi mpaka aimbe.

Ilichukua muda kabla hajalipakata. Na alipoanza, ilikuwa vibaya kusikiliza. Mkono wa kulia haukujua kitu. Alianza upya kama mtoto anayejifunza kushika kalamu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akikosea wimbo wa kanisani ambao hata mimi niliujua. Kila mara aliangukia mahali pale pale. Kuku walizoea, sisi tulizoea, ila yeye hakuzoea. Vidole vilitoka malengelenge, vikapasuka, vikawa sugu. "Mkono huu hauna akili," alisema, akiutazama kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi mjinga, halafu akarudia.

Mwaka uliofuata alimwita Mzee Obbo aje asikilize. Mama alipika chai, mimi nikavalishwa gauni la Krismasi. Baba alipiga wimbo mmoja wa harusi, polepole, jasho likimtiririka, na safari hii hakuanguka. Niliona fahari. Mzee Obbo alisubiri mpaka sauti ya mwisho ikafa, akaweka kikombe chini.

"Okoth, umejitahidi sana," alisema. "Tutakuita."

"Nashukuru," Baba akasema.

Walizungumzia mvua kidogo, mgeni akaaga. Mimi nilingojea wiki nyingi tuitwe. Baba nadhani hakungojea hata siku moja. Alijua maana ya mtu kusifia juhudi badala ya wimbo.

Hakupiga tena mbele ya watu. Alipiga nyuma ya ghala, kila siku, miaka yote iliyobaki, nyimbo chache tu na kwa mwendo wa mzee anayepanda mlima. Alifariki kwa ugonjwa wa ini nikiwa nimeshaolewa. Bendi ilikuja mazishini ikapiga vizuri.

Baada ya mazishi nilimuuliza Mama jambo lililonikera tangu utotoni: kwa nini yeye, aliyelichukia gitaa, alihangaika hivyo kumtafutia Baba jingine, wakati ilikuwa wazi hatarudi bendini. Tulikuwa tunachambua maharage. Aliendelea kuchambua.

"Wiki ile kabla hatujaenda Busia," alisema, "nilimkuta kwenye kile kiti ameshika dawa ya pamba, ile sumu ya wadudu. Chupa iko wazi. Nilimnyang'anya, na wala hatukusemezana. Sikujua nimpe nini mtu kama yule. Ningesikia kwamba Busia wanauza ng'ombe wa kijani, ningekwenda kumnunua ng'ombe wa kijani."

Hapo nikakumbuka maji. Utotoni mwangu mwote, gitaa liliponyamaza nyuma ya ghala, hata kwa kitambo kidogo, Mama aliniita kutoka jikoni akanipa kikombe: mpelekee baba yako, mwulize kama ana kiu. Kila mara ilikuwa hivyo, kuna jua au kuna mvua. Nilinung'unika kwamba kaka zangu hawatumwi. Nilidhani ni mapenzi, au ni mazoea ya kumtuma binti, na kumbe nilikuwa natumwa kwenda kuangalia kama baba yangu yupo hai.

Kila nilipofika nilimkuta ameshika gitaa mapajani, akipumzisha vidole. Alinitazama, akapokea kikombe kwa vile vidole viwili, akanywa yote mpaka chini, kisha akanirudishia. "Mwonyeshe mama yako," alisema. Nami sikujiuliza kwa nini mtu aonyeshwe kikombe kitupu.

Baba alijua kwa nini nilitumwa. Hakuna siku hata moja aliyoyakataa yale maji.