Alama Chini ya Shingo

Mjane alinishika mkono kabla sijakaa vizuri kwenye mkeka. "Mwanangu," aliniambia kwa sauti ya chini, "huko nje wanakungoja wewe. Utawaambia lipi ni lipi?"

Nilimjibu kwamba nitayafungua magitaa yote mawili, na alama ndiyo itakayosema. Aliuachia mkono wangu polepole, akageukia ukutani. "Kwenye lile la kwanza," alisema, "kuna mahali rangi imeliwa na mkono wake. Nikiweka kiganja pale, nakuwa nimekiweka juu ya mkono wake." Niliyachukua kuwa maneno ya majonzi tu, nikampa pole tena, nikatoka.

Tulikuwa Miono, nyumbani kwa marehemu mumewe, mpiga gitaa wa dansi ambaye nusu ya wazee wa Bagamoyo walioana akiwapigia. Mama yule alikuwa bado amekaa eda, kwa hiyo hakuonekana mbele ya wanaume. Mimi ni mwanamke, ndiyo maana niliruhusiwa kuingia. Uani, upande wa pili wa pazia, walikuwapo shehe wa msikiti wa kijijini, mtoto mkubwa wa marehemu aliyezaliwa na mke wa kwanza, na dada zake wawili. Katikati yao, juu ya jamvi, yalilala magitaa mawili mekundu yanayofanana hadi mikwaruzo.

Moja nililiunga mimi. Ndiyo kazi yangu: naagiza boksi la vipande, kiwiliwili cha mbao ambacho hakijapakwa kitu, shingo, nyaya, na sumaku za kunasa sauti, naviunga, napaka rangi, na linatoka gitaa la umeme lenye sura ya yale ya ng'ambo ambayo mwanamuziki wa huku hayawezi kwa bei. Wapo wanaoiita kazi ya feki. Hao nawauliza kama shati walilovaa fundi wao alilibuni mwenyewe. Kufuata umbo si wizi. Wizi unaanza pale unapobandika kwenye kichwa cha gitaa jina la kiwanda ambacho hakijawahi kuliona, na stika hizo mimi sibandiki, hata mteja anune mpaka mdomo uguse kifua. Nimelelewa na fundi wa masanduku ya kizamani yaliyotengenezwa juzi. Baba aliyasugua kwa majani ya chai na tope, wageni wakayabeba wakiamini ni ya enzi za masultani. Hakuwadanganya kwa mdomo hata siku moja. Alinyamaza tu, nami nikakua nikiuchukia ule ukimya wake.

Kwa hiyo marehemu alipokuja karakanani kwangu akitaka gitaa la kufanana na lake, nilimwekea sharti. Lake lilikuwa limechoka, alitaka lipumzike nyumbani, jipya liende harusini likaliwe na hewa ya chumvi. Lakini watu walimkodi yeye pamoja na gitaa lake jekundu. Wakiona jingine watasema mzee kaliuza. Jina la kiwanda kwenye lile la zamani lilikuwa limefutika siku nyingi, kwa hiyo kichwani hapakuwa na ugomvi. Nililinganisha rangi, nikalichubua jipya kwa msasa pale ambapo mkono wake wa kulia ulikuwa umekula rangi ya lile la kwanza. Sharti langu ni kwamba chini ya shingo, mahali pasipoonekana mpaka ufungue skrubu, niandike kwa wino neno "nakala" na jina langu. Alicheka. "Andika, binti. Siku ya siku litatuepusha na maneno."

Alipougua, alimpa mkewe ile nakala mbele ya watu, iwe yake. Lile la asili likabaki kwenye mirathi. Kwenye pilikapilika za msiba magitaa yakahamishwa chumba hadi chumba, yakatolewa kwenye mikoba yake, na mambo yalipotulia hakuna aliyejua lipi ni lipi. Sasa tajiri wa hoteli ya ufukweni alitaka lile la asili akalitundike ukutani, na wale dada wawili walikuwa wanangoja haki yao itoke humo.

"Mimi gitaa silijui," alisema shehe nilipokaa. "Najua haki tu. Fungua, binti."

Nilianza na lililokuwa karibu. Bisibisi iliniteleza kwa jasho. Shingo ilipoachia niliona mbao iliyokolea kwa uzee, haina maandishi, na kwenye matundu ya skrubu vipande vya njiti za kiberiti. Nikapumua. Nikafungua la pili kwa uhakika wote, nikainyanyua shingo. Hapakuwa na neno. Palikuwa na mbao nyeupe iliyokwanguliwa kwa kisu butu, kimepita huku na huku kama mtu anayeparua magamba ya samaki.

Mtoto mkubwa aliinama kutazama. "Alama iko wapi, dada fundi?"

Nilitazama pazia. Lilikuwa limetulia, lakini chini yake niliona vidole vya miguu ya mjane. Alikuwa amesimama. Nikajua nani amekwangua, na nikajua kwa nini.

Nilimkasirikia. Nasema kweli, nilimkasirikia mpaka masikio yakaniwaka. Alama ile ndiyo kitu pekee kinachonitenganisha na masanduku ya baba, naye ameikwangua kwa kisu cha jikoni. Na papo hapo nilimwonea huruma. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeuliza habari za njiti za kiberiti. Ningesema tu siwezi kutambua, wangemwachia mama achague, naye angechagua lile lililoliwa na mkono wa mumewe. Hata uongo nisingekuwa nimesema.

"Basi alama hakuna," alisema mtoto mkubwa, sauti ikianza kupanda. "Na haya magitaa yote yalikuwa chumbani kwa mama."

"Punguza sauti, kaka," dada yake alimwambia. "Mama yuko edani."

"Namheshimu. Lakini yalikuwa chumbani kwake."

Hakuendelea. Kila mmoja pale uani aliimalizia sentensi kimoyomoyo, na vile vidole chini ya pazia havikusogea.

"Hili ndilo la marehemu," nilisema, nikaweka mkono juu ya la kwanza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Tazameni matundu ya skrubu. Yalilegea, akayaziba kwa njiti za kiberiti. Hilo jingine nimeliunga mimi, matundu yake ni mazima."

Mtoto mkubwa alichungulia, kisha akakaa chini kabisa. Njiti zile, alisema, alizichonga yeye mwenyewe kwa wembe alipokuwa mdogo, baba yake akimwambia asijikate. Akafuta uso kwa kiganja. Dada zake hawakumtazama.

Shehe ndiye aliyeuliza lile nililokuwa naliogopa. "Na hapa palipokwanguliwa?"

"Ni mimi," nikasema. "Shingo ilikuwa haikai sawa, nikapapunguza. Alama nikasahau kuirudisha."

Alinitazama, akalitazama pazia, akanitazama tena. "Allah ndiye mjuzi," alisema. "Mali imejulikana. Tumalize."

Nyuma ya pazia hakukusikika hata kikohozi. Sikuingia kuaga. Ningeingia, ningesema maneno ambayo mwenye msiba haambiwi.

Habari ilifika Bagamoyo kabla yangu: fundi anayejigamba kwa alama zake, kumbe husahau. Wateja walioleta magitaa yao walianza kuniomba nifungue shingo mbele yao waione alama, na nilifungua, nimekunja uso. Kiongozi wa bendi moja ya harusi, niliyekuwa nimemkatalia stika mara kadhaa, alikuja akitabasamu na bahasha mkononi. "Sasa si tumekuwa wamoja, fundi? Zibandike." Nilimtoa karakanani nikiwa na patasi mkononi. Alipoondoka nilirudi kwenye benchi. Jibu nililokuwa nalo nisingeweza kulitoa bila kumtaja mjane.

Eda ilipokwisha mjane alikuja mwenyewe, amebeba nakala yake imefungwa kwa kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Alikaa. "Nilisikia yote siku ile. Nilitaka kutoka niseme ni mimi. Miguu ikakataa."

Sikumwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

Alifungua kanga. Macho yangu yalikwenda moja kwa moja pale nilipochubua kwa msasa. Mimi nilipaacha pamefifia na kukauka. Sasa palikuwa panang'aa, mbao imekunywa mafuta ya kiganja, na mng'ao ulikuwa umevuka mpaka wa msasa wangu ukaanza kupanda kwenye rangi nyekundu. Nyumba ile haina mtu anayepiga gitaa.

"Andika tena," aliniambia.

Nilisita. Hasira niliyokuwa nimemtunzia sikuiona ilipokwenda. "Mama, hili ni lako. Nani atakuja kukuuliza?"

"Mimi nitakufa, mwanangu. Watakaa uani tena, watamwita fundi mwingine. Sitaki akae pale nilipokukalisha wewe."

Safari hii sikutumia wino. Nilipasha msumari kwenye jiko la mkaa, nikafungua skrubu, nikaandika kwa moto juu ya mbao aliyoikwangua, herufi moja moja. Yeye alinishikia gitaa lisicheze, na kiganja chake kilikaa pale pale panapong'aa.