Nta Kwenye Kifuniko cha Tangi

Jamani, leo nimemtukana fundi wa watu bure kabisa.

Nimetoka Sikonge na ndoo za asali. Mnunuzi ananisubiri stesheni Tabora, na treni yake inaondoka saa kumi.

Gari ni ile vani kuukuu inayobeba asali ya kijiji chetu tangu enzi za ujamaa. Dereva wake wa enzi hizo ni shangazi Zena, na leo nilikuwa nimempa lifti.

Kila baada ya kilomita chache, inazima. Nasubiri, inawaka. Mbele kidogo, inazima tena!

Nikasafisha plagi. Nikafungua kabureta. Nikampigia fundi aliyeitengeneza juzi, nikamwambia yote yaliyokuwa moyoni. (Mengine hayaandikiki hapa.)

Shangazi akashuka, akafungua kifuniko cha tangi la mafuta.

Fyuuu! Hewa ikaingia kwa nguvu.

"Tangi lilikuwa linakosa hewa, mwanangu. Nani kaziba hiki kitundu cha kifuniko?"

"Si huyo fundi, shangazi!"

Akachokonoa kwa kucha, akanusa.

"Kwani fundi naye anafuga nyuki?"

Ilikuwa nta. Nta yangu mwenyewe! Niliipaka jana ili harufu ya petroli isiingie kwenye asali, tena nikajisifu kwa akili hiyo.

Vani imewaka mara moja, na treni tutaiwahi.

Naandika haya nikiwa kwenye kiti cha abiria. Shangazi kachukua ufunguo bila kuniuliza.

Fundi wangu, pokea simu basi.