Shaba Isiyokuwemo

Kazini walimwita Mama Almasi, na kama ulidhani ni kwa sababu ya vito, umepotea. Hakuwa na hata hereni. Almasi yake ilikuwa kisu, na kwa miaka ishirini na sita alikitumia kukata seli za watu vipande vyembamba, vyembamba hasa, kiasi kwamba unene wa unywele mmoja ungetoa vipande elfu. Kila kipande kilielea juu ya maji nyuma ya makali, naye akakisogeza kwa ukope wake mwenyewe, alioung'oa na kuugandisha kwenye kijiti. Ukimsemesha wakati huo hakujibu, maana hata pumzi ilitosha kumharibia siku.

Vipande vililazwa juu ya visahani vya matundumatundu, vidogo kama dengu, vikaingizwa kwenye hadubini ya elektroni. Mashine ilionyesha kila elementi ilipokaa: chuma kwa rangi nyekundu, zinki bluu, shaba kijani. Kisha kompyuta ikapanga picha moja juu ya nyingine mpaka seli nzima ikasimama, ukaweza kuizungusha na kuichungulia kila upande.

Aliyeongoza utafiti alikuwa mtoto wa mdogo wake, ambaye Mama Almasi alimlea tangu darasa la tano. Sasa alikuwa Daktari, ana ofisi yenye zulia, lakini bado alipofika mlangoni aliita, "Mama Mkubwa, upo?" na moyo wa mama wa watu ukafurika. Kumbe unaweza kumpenda mtoto mpaka ukawa mjinga.

Daktari alikuwa akitafuta shaba ndani ya seli za maini ya wagonjwa. Wiki ya kukata ilipofika, visahani vya nikeli vikawa vimekwisha. Vilivyobaki vilikuwa vya shaba.

"Hivi situmii," Mama Almasi akasema. "Unatafuta shaba halafu unalaza seli juu ya shaba? Ni sawa na kuonja chumvi ya mchuzi kwa kijiko ulichokwisha kukichovya kwenye chumvi. Ngoja wiki mbili."

"Mama Mkubwa, wageni wanakuja kuona picha Alhamisi. Shaba ya kisahani nitaitoa kwenye kompyuta. Lolote likitokea, nitajibu mimi. Au huniamini?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililommaliza. Akakata vipande mia tatu na kumi na viwili, shingo ikamkakamaa.

Picha zikatoka kijani tupu. Mama Almasi akamwonyesha kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Mwanangu, hapa nje hakuna seli, ni plastiki tu tuliyogandishia seli. Shaba imefikaje?"

"Nitasafisha."

Kusafisha kwenyewe Mama Almasi alikuona Alhamisi, mbele ya wageni. Nje ya seli kijani kilikuwa kimefutwa chote. Ndani kiliachwa, kinawaka, na Daktari akapigiwa makofi. Mgeni mmoja tu, bibi mkavu wa maneno, aliomba kuona picha za mwanzo kabla hazijaguswa.

Jumatatu wakaitwa kwa Mkurugenzi. Daktari alisema akitazama meza: "Fundi wetu alitumia visahani vya shaba bila kuniarifu. Nami nilimwamini."

Fundi wetu! Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda walau hujamlea.

"Mama, ni kweli?" Mkurugenzi akauliza. "Kama ni kweli, kisu unakiacha leo. Siwezi kukurudishia tena."

Mama Almasi alifungua mdomo. Akaona jasho kwenye shingo ya kijana, akaona kola iliyokaa upande, mkono ukamwasha kwenda kuinyoosha. "Visahani niliviweka mimi," akasema, na hapo akakomea. Akaacha funguo mezani, akatoka.

Daktari alimfuata ukumbini, uso umefunguka. "Asante, Mama Mkubwa. Nilijua hutaniangusha. Hata mama alisema juzi: dada yangu mtwike lolote, atalibeba."

"Juzi? Mama yako alijua tangu juzi?"

"Nilimweleza yote. Ndiye aliyenitoa wasiwasi."

Na jana yake, Jumapili, mdogo wake huyo alikuwa kwake tangu asubuhi. Alikula, akacheka, akafungiwa chakula cha kwenda nacho, akauliza mlangoni, "Na kazini, dada, kwema?" Mama Almasi aliegemea ukuta. Kuumizwa na mtoto aliumia, lakini hili la kukaliwa kikao na ndugu yake wa tumbo moja, upole wake ukapigiwa hesabu kama mali ya urithi, lilimchoma mpaka machozi yakagoma kutoka.

"Mwambie mama yako kakosea," akasema.

Akageuka, akagonga mlango wa Mkurugenzi na kuingia bila kungoja kukaribishwa.

"Samahani," akasema, "nilikuwa sijamaliza."